Kufuata Nyayo za Kifua Kikuu

Bakteria wa kifua kikuu hana haraka. Bakteria wa kawaida wa tumboni akipata chakula na joto hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu huchukua karibu saa 20. Ukimwotesha maabara leo, usitegemee kumwona kwa macho kabla ya wiki tatu, na mara nyingi utangoja sita, pengine nane. Kwa hiyo kila aliyeamua kumchunguza ilimbidi kwanza akubali mwendo wake. Kati ya kazi zote zinazomhusu bakteria huyu, iko moja ambayo naivulia kofia kila ninaposoma habari zake: kazi ya kuchukua alama za vinasaba vyake, ili kujua wagonjwa gani wanaugua aina moja, na ugonjwa umepita njia ipi kutoka kifua hadi kifua. Kazi hii ilishamiri miaka ya 1990. Leo mashine mpya zimeipokea kijiti, lakini mengi tunayoyajua kuhusu namna TB inavyosambaa yalijulikana kupitia mikono ya mafundi walioifanya.

Tuanze na fumbo lenyewe. TB hujificha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria huyu, lakini wengi wao hawataumwa kamwe. Bakteria hukaa kimya mapafuni, amezingirwa na kinga ya mwili, miaka na miaka. Kati ya watu 100 walioambukizwa, watano hadi kumi hivi ndio watakaougua katika maisha yao yote. Mmoja baada ya miezi michache, mwingine uzeeni, kinga inapochoka. Sasa chukua majirani wawili wa mtaa mmoja, wote wamegundulika na TB mwaka huu. Je, mmoja kamwambukiza mwenzake? Au kila mmoja alikuwa na mzigo wake wa tangu utotoni, ukaamka kwa wakati wake?

Swali hili lilikosa jibu la uhakika kwa zaidi ya miaka mia moja. Robert Koch alimtangaza bakteria huyu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tangu hapo daktari aliweza kumwona kwa darubini: vijiti vyembamba vyekundu juu ya rangi ya buluu, vimepinda kidogo. Lakini vijiti vya mgonjwa wa Tanga na vya mgonjwa wa Manila havina tofauti yoyote kwa jicho. Darubini inakwambia mtu huyu ana TB, basi. Haikwambii aliipata wapi. Yaliyobaki yalikuwa ni kuuliza: unakaa na nani, unafanya kazi na nani, nani anakohoa nyumbani. Watu hujibu wanachokumbuka, na huficha wanachokionea haya.

Ufunguo ulipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 ukaelezwa rasmi kwa jina ambalo limebaki hadi leo: IS6110. Ni kipande cha vinasaba chenye herufi 1,355, na tabia yake ni ya ajabu. Hujinakili, kisha nakala hujipachika mahali pengine katika vinasaba vya bakteria yuleyule. Bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala moja tu, mwingine kumi, mwingine zaidi ya ishirini, na kila nakala imekaa mahali pake. Kuhama huku hutokea mara chache. Katika muda wa miezi au mwaka mmoja bakteria anapotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, mpangilio wa nakala hizi kwa kawaida hubaki vilevile. Ukipita muda mrefu zaidi, huanza kubadilika. Mwendo huo ndio uliohitajika. Kama nakala zingehama kila siku, hata bakteria wa mgonjwa mmoja wasingefanana. Kama zisingehama kabisa, wagonjwa wote wa dunia wangeonekana ni wa familia moja.

Kujua kwamba nakala zipo ni jambo moja. Kuzionyesha mahali zilipo ni jambo jingine, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Makohozi ya mgonjwa hufika maabara yamejaa vijidudu vya kila namna vya mdomoni na kooni. Mtaalamu huyachanganya na hidroksidi ya sodiamu, dawa kali ambayo huua vijidudu vingine upesi. Bakteria wa TB, aliyejifunika tabaka la nta, huvumilia zaidi. Huvumilia kwa muda tu. Dakika zikizidi naye hufa, na sampuli imeharibika. Zikipungua, vijidudu vingine huota na kumfunika. Kisha sampuli huoshwa, huzungushwa kwa mashine ili bakteria watuame chini, na tone la mashapo hupandwa juu ya chakula chake.

Chakula hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Hutengenezwa kwa mayai ya kuku, mabichi, yaliyopigwa ute na kiini pamoja, yakachanganywa na chumvi kadhaa, gliserini na rangi ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo huzuia vijidudu visivyotakiwa. Mayai yenyewe huchaguliwa: kuku aliyelishwa dawa za antibayotiki hafai, kwa sababu dawa hupita ndani ya yai na kumzuia bakteria unayetaka aote. Mchanganyiko humiminwa katika vichupa, vichupa hulazwa kwa pembe, kisha hupashwa moto taratibu hadi mayai yagande. Ukikisimamisha kichupa unaona mteremko laini wa kijani. Juu ya mteremko huo ndipo bakteria huoteshwa, katika joto la nyuzi 37 sawa na la mwili wa mtu, na kila wiki mtaalamu huinua kichupa mbele ya taa na kutazama. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Kisha huanza kujitokeza vijivimbe vidogo vikavu, vyenye mikwaruzo, rangi ya malai, na vikipewa muda huungana na kuufunika mteremko wote.

Hapo fundi ana bakteria wa kutosha, na wa kutosha kumuua yeye mwenyewe pia. Kwa hiyo kazi ya kuvuna hufanywa ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa, na bakteria wakishatiwa katika mrija huchemshwa nyuzi 80 kwa dakika 20 ili wafe. Wakishakufa, bado ile nta inawalinda. Kimeng'enya kimoja hutiwa kulainisha ukuta wa nje, aghalabu usiku kucha. Sabuni kali na kimeng'enya kingine humaliza kazi. Klorofomu hutenganisha mafuta na protini. Mwishoni fundi hutia kileo katika maji maangavu yaliyobaki, hugeuza mrija polepole, na vinasaba hujitokeza mbele ya macho yake: nyuzi nyeupe nyembamba zinazoelea. Akiutikisa mrija kwa nguvu, nyuzi hukatika ovyo na kazi ya wiki saba au nane imepotea. Kwa hiyo hugeuza polepole.

Nyuzi hizo sasa hukatwa kwa makusudi. Kimeng'enya kinachotumika huitwa PvuII, nacho hukata kila kinapokuta mpangilio mmoja maalumu wa herufi sita. Mpangilio huo umo mara nyingi katika vinasaba vya bakteria, na umo mara moja tu ndani ya kila nakala ya IS6110. Maana yake ni kwamba kila nakala hukatwa katikati, na nusu yake ya kulia hubaki imeshikamana na kipande cha vinasaba vya jirani, hadi pale ambapo kimeng'enya kimekata tena. Urefu wa kipande hicho hutegemea nakala imekaa wapi. Nakala iliyokaa karibu na sehemu nyingine ya kukatwa hutoa kipande kifupi. Iliyokaa mbali hutoa kirefu. Hivyo mahali pa nakala, jambo ambalo huwezi kuliona, pamegeuzwa kuwa urefu, jambo ambalo unaweza kulipima. Nimesoma maelezo mengi ya mbinu za sayansi, na chache zimenifurahisha kama hii kwa usafi wa fikra yake.

Vipande vyote hutiwa katika jeli ya agarozi, itokanayo na mwani, na umeme hupitishwa usiku kucha. Vifupi hukimbia mbali, virefu husuasua nyuma. Asubuhi jeli hubebwa kwa mikono miwili, maana hupasuka kirahisi, na vinasaba huhamishwa kutoka humo kwenda kwenye utando wa nailoni kwa njia aliyoitangaza Edwin Southern mwaka 1975. Njia yenyewe ya awali ni ya kawaida mno: jeli chini, utando juu yake, kisha rundo la karatasi za kufyonza maji na kitu kizito juu ya vyote. Maji hupanda kwenye karatasi, na vinasaba hupanda nayo hadi kwenye utando, ambako hunasa mahali palepale vilipokuwa katika jeli. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki kati ya jeli na utando, sehemu hiyo itakuwa tupu. Kwa hiyo fundi huviringisha kijiti cha kioo juu ya utando, mara nyingi, hadi aridhike.

Mwisho, utando huogeshwa katika maji yenye kipande kidogo cha vinasaba kilichotiwa alama, kinachojua kushika nusu ya kulia ya IS6110 tu. Chumbani gizani filamu ya eksirei hulazwa juu ya utando. Ikisafishwa, kila sampuli imesimama kama ngazi yenye vipago visivyolingana nafasi: mstari mmoja mweusi kwa kila nakala. Mgonjwa huyu ana mistari tisa, yule kumi na mitatu, na wale wawili, ambao hawajuani hata kwa majina, wana mistari kumi na mmoja iliyokaa mahali palepale, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi chini.

Ingewezekana kabisa ufundi huu ubaki mali ya kila maabara na mazoea yake: hawa watumie kimeng'enya hiki, wale kile, na filamu za mji mmoja zisiwe na maana yoyote mji wa pili. Jan van Embden wa taasisi ya taifa ya afya ya jamii ya Uholanzi, kule Bilthoven, pamoja na wenzake wa nchi kadhaa, walikaa wakakubaliana. Mwaka 1993 walichapisha utaratibu mmoja: kimeng'enya ni PvuII, kipande cha kutambulisha ni hiki, na katika kila jeli lazima ziwemo sampuli za aina moja ya bakteria inayojulikana mistari yake, ziwe kipimo cha kusahihishia nyingine. Makubaliano haya hayana mvuto wa uvumbuzi, na magazeti hayakuyapigia ngoma. Kwangu mimi ndiyo yaliyoupandisha ufundi huu ukawa sayansi ya dunia nzima, kwa sababu kuanzia hapo filamu ya Dar es Salaam na ya Copenhagen ziliweza kulinganishwa mstari kwa mstari. Na hazikuchelewa kulinganishwa: mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya alama za vinasaba vya bakteria wa wagonjwa wa Tanzania, wenye VVU na wasio na VVU.

San Francisco ndiko kazi hii ilikoonyesha nguvu yake kwa ukamilifu. Miaka ile TB ilikuwa imerudi kwa kishindo katika miji ya Marekani, ikifuatana na UKIMWI, ukosefu wa makazi na kuzembewa kwa huduma za TB. Tayari mwaka 1992 Charles Daley na wenzake walikuwa wameeleza kilichotokea katika makazi ya watu wanaoishi na VVU mjini humo: katika wakazi 30 waliokuwa hatarini, 11 waliugua TB ndani ya siku 106, na mistari ya bakteria wao ilifanana. Siku 106. Madaktari walikuwa wamezoea kuhesabu safari ya ugonjwa huu kwa miaka.

Kisha Peter Small, Philip Hopewell na wenzao wakachukua mji mzima. Walikusanya bakteria wa wagonjwa 473 waliogundulika mwaka 1991 na 1992, wakawachukua alama wote, wakawalinganisha. Matokeo yalichapishwa Juni 1994. Mistari ya wagonjwa 191 ililingana na ya mgonjwa mwingine angalau mmoja, wakaangukia katika makundi 44. Makundi 20 yalikuwa ya watu wawili wawili. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa na watu 30. Hesabu iliyofuata ni ya unyenyekevu: katika kila kundi lazima yupo mmoja aliyeanza, ambaye huenda alikuwa na TB ya zamani, kwa hiyo toa 44 katika 191. Hubaki 147, karibu theluthi ya wagonjwa wote. Hao waliambukizwa juzijuzi, katika mji tajiri ambako wengi waliamini kwamba TB iliyobaki karibu yote ni ile ya zamani inayoamka kwa wazee na wageni.

Lakini kilichowaumiza watu wa afya ya jamii kilikuwa kingine. Ule ufuatiliaji wa kawaida, wa kuuliza na kuorodhesha waliotangamana na mgonjwa, ulikuwa umegundua uhusiano kwa mmoja tu kati ya kumi wa hao waliomo katika makundi. Tisa waliobaki walikuwa wameunganishwa na hewa waliyovuta pamoja mahali ambapo hakuna aliyefikiri kupataja. Kwa kuwarudia wagonjwa wakiwa na filamu mkononi, maswali yalibadilika. Mjini Minneapolis, kwa mfano, taarifa ya mwaka 1995 ilieleza mlolongo uliopita katika baa moja ya mtaani: mteja wa kila siku asiye na makazi, mwenye TB ya kuambukiza sana, na wanywaji wenzake. Wanywaji hao si ndugu wala si jamaa wa nyumba moja, na mtu akiulizwa "unaishi na nani" hatawataja kamwe.

Hapa sharti niseme jambo ambalo mafundi wenyewe hulisisitiza kuliko mashabiki wao. Mistari inayolingana haisemi nani alimwambukiza nani. Haina mshale. Wala haisemi ni wapi, wala lini hasa. Mji ukiwa na aina moja iliyotapakaa kwa miaka, watu wawili wanaweza kulingana bila kuwahi kukaribiana. Anayejua kuifanya kazi hii vizuri huweka filamu mezani karibu na daftari la wagonjwa na karibu na muuguzi aliyewatembelea, na hazungumzi mpaka vitu vyote vitatu vimesikilizwa. Daftari lenyewe si kitu kidogo, na Tanzania ina haki ya kujivunia hapo: mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, ambao Karel Styblo aliusaidia kuujenga, uliionyesha dunia namna ya kumwandika kila mgonjwa, kumfuata mpaka amalize dawa, na kuandika kilichompata. Pasipo daftari la namna hiyo, mistari ya filamu haina mtu wa kumhusu.

Ufundi huu pia ulijikagua wenyewe, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wakati mwingine mistari ya wagonjwa wawili ililingana, lakini hawakuwa na uhusiano wowote isipokuwa mmoja: sampuli zao zilipita katika maabara moja siku moja. Tone moja limeruka, au chupa moja ya dawa imetumika kwa mirija miwili, na mtu asiye na TB amesomeka anayo. Mtu huyo alikuwa akipewa vidonge vya miezi sita kwa ugonjwa wa mwenzake. Filamu ziliyafichua makosa haya katika nchi baada ya nchi, na maabara zilizokuwa na ujasiri ziliyachapisha, zikabadilisha taratibu zao. Si kila fani hukubali chombo chake kiigeukie na kuihukumu.

Cape Town ikaleta jibu la swali jingine la zamani. Mgonjwa ametibiwa, kapona, kisha baada ya mwaka au miwili anaugua tena. Desturi ilikuwa kumtazama kwa jicho baya: hakumeza dawa zake sawasawa, ugonjwa umerudi. Mwaka 1999 Annelies van Rie na wenzake walichapisha alama za bakteria wa wagonjwa 16 wa namna hiyo, za mara ya kwanza na za mara ya pili. Kwa 12 kati yao mistari ilikuwa tofauti kabisa. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umepona kweli, na walikuwa wameambukizwa upya na bakteria mwingine katika mitaa ileile yenye TB nyingi. Watu hao walikuwa wamelaumiwa bure. Katika mitaa hiyo hiyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ni karibu moja tu kati ya tano ya maambukizi iliyotokea ndani ya nyumba ya mgonjwa. Mengine yote yalitokea nje.

Mbinu ya mistari ilikuwa na udhaifu wake. Bakteria wengi wa Asia ya Kusini na Kusini Mashariki wana nakala moja au mbili tu za IS6110, au hawana kabisa, na mstari mmoja hautofautishi kitu. Kwa hao ikaja mbinu ya pili mwaka 1997, inayosoma sehemu nyingine ya vinasaba kwa kuangalia kama vipande 43 maalumu vipo au havipo. Mbinu hii hutumia vinasaba kidogo tu na matokeo yake hupatikana upesi. Ni kwa mbinu hii kwamba tawi moja la bakteria lililo kubwa Afrika Mashariki likapewa jina la Kilimanjaro, kwa kufuata mkoa ambako lilitambuliwa.

Na sasa vinasaba vyote husomwa kwa mkupuo. Mwaka 1998 timu ya Stewart Cole ilikamilisha kusoma herufi zote za aina moja ya bakteria huyu, zaidi ya milioni 4.4, na baadaye mashine zikawa rahisi kiasi cha kumsoma bakteria wa kila mgonjwa. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba bakteria hubadilisha herufi moja kwa kila miaka miwili hivi. Wagonjwa wawili wakitofautiana kwa herufi tano au pungufu, uwezekano kwamba wameambukizana karibuni ni mkubwa. Zikizidi 12, ni mdogo sana. Filamu ilikuwa ikisoma sehemu ndogo tu ya habari hiyo. Hakuna sababu ya kuililia. Lakini bakteria bado huoteshwa kwanza mara nyingi, bado huchukua wiki zake, na bado mkono unaogeuza mrija hugeuza polepole.

Dar es Salaam imo katika hatua hii mpya kwa heshima kamili. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, walisoma bakteria wa wagonjwa 1,082 wa jijini katika kipindi cha miaka sita, na mwaka 2023 wakachapisha walichokiona. TB ya jiji hili inatawaliwa na aina kadhaa zilizoingia Tanzania kutoka sehemu mbalimbali za dunia katika miaka 300 iliyopita. Aina inayoongoza, ya ukoo ambao wataalamu huuita L3, iliwahi kuingia mapema na pia inasambaa kwa kasi. Mtu anayejua historia ya pwani yetu hatashangaa. Majahazi ya msimu, misafara ya bara, meli za wakoloni, reli: kila njia iliyoleta bidhaa na watu ilileta pia vifua vyao. Tofauti ni kwamba safari hizo sasa zinasomeka katika herufi za bakteria, jijini kwetu, kutoka katika makohozi ya watu wa mitaa tunayoijua.

Jambo moja halijabadilika tangu Koch hadi leo. Mashine inaweza kumweka mgonjwa wa Mbagala na wa Tandika katika kundi moja, lakini mahali walipovuta hewa moja wanapajua wao. Kwa hiyo ukiwa umekohoa wiki mbili au zaidi, nenda kapime. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Na ukigundulika unayo, muuguzi akaja kukuuliza unakaa wapi na unakutana na nani, usimtajie watu wa nyumbani tu. Mtajie kijiwe, mazoezi ya kwaya, madrasa, kilabu cha pombe, chumba cha rafiki, kile kibanda cha kuangalia mpira kisicho na dirisha. Mtajie hata pale unapoona aibu kupataja, kwa sababu hapo ndipo pengine anapoketi mtu mwingine anayekohoa bila kujua.